Uyoga wa Rondo: picha tunazo, vinasaba tupime vipi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninafundisha baiolojia sekondari mkoani Lindi, chini ya uwanda wa Rondo. Tangu mvua za Desemba wanafunzi wangu wamepiga picha za uyoga wa porini na kuziweka kwenye tovuti ya iNaturalist, lakini wachangiaji wanatupa jina la jenasi tu (kundi la spishi ndugu), na mara nyingine wanabishana wenyewe kwa wenyewe. Nimesikia kwamba kipimo cha DNA, yaani vinasaba, kinamaliza ubishi. Tumehifadhi vipande kama arobaini: vingine tulianika juu ya bati, vingine mama mmoja alituwekea kwenye uchaga juu ya moto. Je, vinafaa kupimwa? Na majibu yakija, tutakuwa na jina kamili? Wazazi wanauliza pia kama kipimo kitawaambia upi unalika.

JIBU: Mwalimu, hongera. Vile vya kwenye uchaga viwekeni kando. Moto wa kuni unavipika, na vinasaba vya uyoga uliopikwa hukatika vipande vifupi mno kusomeka vizuri. Vya kwenye bati vina nafasi, ila inategemea. Jua la saa saba juu ya bati nalo ni jiko, na wingu likitanda siku mbili uyoga unaota ukungu kabla haujakauka. Ukungu ndio adui mkubwa kwa sababu nao ni kuvu kama uyoga. Mashine haijui wewe ulitaka yupi, itasoma yule aliyejaa.

Yalinikuta mwenyewe. Kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka 2019, nilitoka Ndanda na vielelezo kumi na viwili kwenye mfuko wa nailoni, basi likaharibika njiani, tukalala hapohapo. Asubuhi mfuko unatoka jasho. Nikavikausha hivyohivyo kwa ubishi wangu, nikavipeleka maabara. Tisa kati ya kumi na viwili vilirudi na jina la ukungu.

Kwa hiyo msimu huu fanyeni hivi. Uyoga ubebwe kwenye kikapu au bahasha ya kaki, upasuliwe katikati siku hiyohiyo, utungwe kwenye uzi mahali pa kivuli penye upepo, au uwekwe kwenye chekeche juu ya chanzo cha joto la nyuzi 40 hivi. Mkono wako ukae hapo bila kuungua. Umekauka pale unapoukunja ukavunjika. Ukipinda, bado. Kisha uingie kwenye chupa inayoziba kabisa pamoja na zile pakiti ndogo za silika zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, kwa maana hewa ya Lindi hurudisha unyevu kwenye kitu kikavu ndani ya usiku mmoja. Maabara watahitaji kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, kitolewe ndani ya nyama ya kofia ambako ukungu na udongo havijafika. Uyoga wenyewe ubaki kwenu au kwenye hifadhi ya vielelezo vikavu vya mimea ya chuo, ukiwa na namba ileile iliyo kwenye picha na kwenye daftari. Msomaji wa miaka ishirini ijayo akitilia shaka jibu lenu, lazima awe na kitu cha kurudia kukipima.

Sasa kipimo chenyewe. Hawasomi vinasaba vyote. Wanasoma kipande kimoja kiitwacho ITS, chenye herufi za vinasaba kama 500 hadi 800, ambacho mwaka 2012 wanasayansi walikipendekeza kiwe kitambulisho cha kuvu wote. Kilichaguliwa kwa sababu kila chembe ya uyoga ina nakala zake nyingi, hivyo hata kielelezo kikavu cha zamani huweza kutoa kitu, na kwa sababu herufi zake hutofautiana kati ya spishi na spishi kuliko zilivyo kwenye jeni zinazokizunguka. Kipande hicho kinarudufishwa kwa joto na kimeng'enya. Kila mzunguko unazidisha mara mbili, na mizunguko 30 inatosha kufanya nakala moja iwe kama bilioni moja. Kisha kinasomwa. Siku hizi kuna kisomaji cha MinION kinachoingia mfukoni na kuchomekwa kwenye kompyuta ya mapajani. Sampuli mia kadhaa huwekewa alama zake, zikachanganywa na kusomwa kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana vikundi vya wananchi huko Marekani vimeweza kupima kwa wingi. Msiende na sampuli tano tano. Kusanyeni, mpeleke pamoja.

Jina mtalipata? Hapa nataka mnielewe vizuri. Mashine haitoi jina, inatoa mfuatano wa herufi. Jina linatokana na kulinganisha mfuatano huo na ile iliyokwisha kuwekwa kwenye hazina za vinasaba za mtandaoni kama GenBank na UNITE. Kama spishi yenu haijawahi kupimwa na mtu yeyote, hazina itawaletea ndugu yake aliye karibu, na asiyejua atachukua jina la ndugu akadhani ni lake. Mfuatano ukifanana kwa asilimia 99 au 100 kwa urefu wote, na kielelezo cha kulinganishia kimetoka Afrika, mnaweza kutembea kifua mbele. Ukifanana kwa asilimia 92, mmepata jenasi, pengine ndiyo ileile mliyopewa bure kwa picha. Tena GenBank ina makosa yake. Uchunguzi wa mwaka 2006 ulikadiria kwamba hadi mfuatano mmoja kati ya mitano ya kuvu ungeweza kuwa umepewa jina lisilo lake. Msichukue jibu la juu kabisa tu, someni kumi ya kwanza.

Ndiyo sababu wachangiaji wa picha wanabishana. Vitabu vingi vya uyoga vimeandikiwa Ulaya na Marekani, na kwa miaka mingi ule uyoga wa njano wa miyombo uliitwa Cantharellus cibarius, jina la uyoga wa Ulaya, kwa kufanana sura tu. Kuvu waliokwisha kupewa majina duniani ni kama 150,000, na makadirio ya mwaka 2017 yanasema waliopo ni kati ya milioni 2.2 na 3.8. Hata sokoni hatuko salama. Mwaka 2014 watafiti wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, walinunua London pakiti moja ya uyoga mkavu kutoka China, wakapima vipande 15, wakakuta spishi tatu ambazo hazikuwa na jina la kisayansi. Watu walikuwa wanazila.

Na huku kwetu kusini si jangwa la utafiti kama wengi wanavyodhani. Kuna uyoga uitwao Amanita masasiensis. Jina hilo la Masasi lilichapishwa mwaka 1994 na Marja Härkönen na mwenzake kutoka Finland, katika kazi waliyoifanya pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliwauliza wenyeji wanachokula na wanakiitaje. Nanyi andikeni jina la Kimwera, la Kimakonde, la Kiyao, na aliyelitaja ni wa kijiji gani. Bibi akikwambia kwamba hizi ni aina mbili wakati wewe unaona moja, zipimeni zote mbili.

Andikeni na mti. Miyombo na mkongo hushirikiana mizizi na uyoga wa jamii ya Amanita, Russula na Cantharellus. Mkorosho hauna ushirika wa namna hiyo. Uyoga wa kichuguu ni habari nyingine kabisa, huo hulimwa na mchwa wenyewe. Picha ziwe za juu, za chini ya kofia, na za shina lililochimbuliwa mpaka mwisho, kwa kuwa kikombe kilicho chini ya shina la Amanita hubaki ardhini mtu akiukwanyua. Kofia moja ilale usiku kucha juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, ili rangi ya spora, zile mbegu zake za unga, ionekane.

Jambo moja la kiufundi ambalo maabara wanaweza kulisahau: jamii ya Cantharellus husumbua sana kwenye ITS, kwa kuwa vianzilishi vya kawaida, vile vipande vifupi vya kuanzishia urudufishaji, havishiki vizuri. Waombeni wapime jeni ya TEF1. Bila hivyo mtalipia sampuli zenu za njano na kuambiwa zimegoma.

Kabla ya yote hayo, vibali. Ndani ya msitu wa hifadhi nendeni kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS); msitu wa kijiji, serikali ya kijiji. Sampuli zikitakiwa kuvuka mpaka, pitieni Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kwanza, na makubaliano yaandikwe: nani anabaki na kielelezo, na majina ya wanafunzi yataingia wapi.

Kuhusu wazazi, hapana. ITS haisomi sumu. Inaweza kuwaambia ni nani, na kama huyo nani anajulikana kuua, mtajua. Kama ni mgeni, herufi 600 hazina la kusema kuhusu tumbo la mtu. Zaidi ya hapo, sumu ya baadhi ya Amanita huanza kuonekana baada ya saa sita, kumi na mbili au zaidi, wakati chakula kimekwisha kusahaulika, kwa hiyo "nilikula jana sikuona kitu" si ushahidi. Waendelee kula ule waliorithi kuujua kwa uhakika, na aliyetapika baada ya kula uyoga apelekwe kituo cha afya pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe, hata kama ni maganda ya jalalani.