Wageni wa Wiki Tatu katika Nyumba ya Vyumba Viwili

SWALI: Nimekuja Mwanza kwa mkataba wa kazi wa miezi sita na nimepanga nyumba ya vyumba viwili Ilemela, karibu kabisa na ziwa. Niliwatumia marafiki zangu wa Dodoma picha za machweo, nikawaambia "karibuni", kama ilivyo ada. Sasa wanne kati yao, mmoja akiwa na watoto wawili, wanataka kukata tiketi wiki ijayo na kukaa wiki tatu. Mimi huondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Nitawakirimu vipi bila kufilisika wala kuitwa mchoyo? Aidha, watoto wamekwisha kununuliwa nguo za kuogelea.
Mpangaji, Ilemela

JIBU: Ndugu Mpangaji, neno "karibu" kwetu halina tarehe, lakini aliyelitamka ana haki ya kulitia tarehe, mradi afanye hivyo kabla tiketi haijakatwa. Wapigie simu leo, kwa kuwa mtu akisoma "siku saba tu" kwenye ujumbe mfupi, pasipo sauti yako wala kicheko chako, atajiona amefukuzwa kabla hajafika. Waambie kwamba nyumba yako inaweza kuwalaza kwa juma moja, na kwamba atakayependa kumaliza wiki tatu utamtafutia nyumba ya wageni ya jirani, ambayo wewe mwenyewe utaikagua kwanza. Mwenye nyumba wako naye aarifiwe mapema, hasa ikiwa maji na umeme mnachangia na wapangaji wengine.

Ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu watu huitaja kwa mzaha, ila mimi naiona kuwa na huruma, maana mgeni aliyepewa kazi huacha kuomba ruhusa ya kufungua jokofu. Jembe la nyumba yako ni kwenda sokoni, kununua umeme wa Luku na kupika jioni ukiwa bado njiani. Chakula cha siku ya kwanza kiwe chako chote, sato mzima wa kukaanga na ugali, bila hesabu yoyote. Kuanzia siku ya pili wachange fedha za matumizi na mmoja wao azishike. Usizishike wewe, kwa kuwa mwenyeji anayetunza mchango wa wageni huishia kujazia pengo kimyakimya.

Kuhusu ziwa, hapa usilegeze. Ziwa Victoria lina kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi hata isiyo na jeraha, hasa kwenye maji matulivu ya ukingoni yenye majani, yaani pale pale watoto wanapopenda kuchezea. Kujifuta kwa taulo haraka si kinga ya kutegemewa. Watoto wacheze mchangani, na kuogelea kufanyike kwenye bwawa la hoteli. Ikitokea wameingia ziwani, mama yao awapeleke kupimwa wiki sita hadi nane baadaye, kwa sababu kipimo cha mapema kinaweza kukosa kuonyesha kitu. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Sehemu nyingine za mwambao zina mamba na viboko pia, kwa hiyo waulizeni wavuvi wa hapo kabla ya kusogelea maji. Vyandarua viwepo kwa kila kitanda na kila godoro la sakafuni.

Saa zako za kazi zisikutie hofu. Kisiwa cha Saanane, kilichotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, kiko mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, na pimbi na mijusi wa mawe watawashughulisha watoto nusu siku nzima. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, yanafikika kwa daladala. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, wakusubiri mwende pamoja Jumamosi.

Dagaa wa kupeleka Dodoma wanunuliwe Mwaloni, Kirumba, asubuhi ya siku ya kuondoka. Wakinunuliwa mapema watalala chumbani kwako, na harufu yake utabaki nayo wewe.