Mafuta yameandikwa "hayana kolesto", mbona kipimo cha mzee hakishuki?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba ana miaka 61, ana presha na kolesto iko juu. Tangu mwaka jana tumehamia kwenye mafuta ya kuganda ya ndoo, yameandikwa "hayana kolesto" na yana picha ya moyo. Majuzi kapima, bado iko juu. Jirani kamletea unga wa kusafisha mishipa, basi vidonge kaacha. Na kaka yangu anasema hizo sheria za kuwekea viwanda kikomo cha mafuta mabaya, mnazozidai nyie madaktari, ni serikali kutaka kuingia jikoni kwa watu, kila mtu ajichunge mwenyewe. Ni kweli? (Binti wa Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo maneno "hayana kolesto" naletewa kliniki kila wiki na kwakweli yananichosha, maana si uongo, ndio ubaya wake. Mafuta ya alizeti, pamba, karanga, mawese, yote yanatoka kwenye mmea, na kolesto ya kuhesabika inatoka kwa mnyama, kwenye nyama, mayai, samli. Kwahiyo kuandika hivyo kwenye mafuta ya mmea ni kama kuandika kwenye embe kwamba halina mfupa. Umelipia sifa ambayo hata mafuta ya kupima dukani kwa Mangi yanayo.

Kolesto nyingi iliyo kwenye damu ya mzee inatengenezwa na ini lake mwenyewe. Cha kuuliza ni mafuta anayokula yanalifanyia nini hilo ini. Ukila sana mafuta mazito (kwa Kiingereza "saturated", kama ya samli na nyama nono), ini linapunguza kasi ya kuiondoa kolesto mbaya, ile inayoganda kwenye mishipa, kwenye damu, basi inabaki inazunguka. Halafu kuna mafuta ya transi, haya ndiyo mabaya kuliko yote kwa sababu yanapandisha ile mbaya na wakati huohuo yanashusha ile nzuri, inayosaidia kuiondoa mbaya. Kiwandani wanachukua mafuta ya maji ya mmea, wanayachemsha, wanapitisha gesi ya haidrojeni na madini ya nikeli yanasaidia, mafuta yanaanza kuganda. Wakiishia njiani, transi inabaki nyingi humo. Viwanda vinayapenda kwa sababu ni rahisi, hayaharibiki haraka, na biskuti inakaa dukani miezi bado inavunjika vizuri mdomoni.

Sasa usiniambie utayajua kwa macho. Mawese yanaganda yenyewe na hayana transi ya kiwandani (ingawa karibu nusu yake ni mafuta mazito), nazi nayo inaganda asubuhi ya baridi. Ndoo mbili zimekaa pamoja, zote nyeupe, moja ina transi nyingine haina, na wewe, mimi, na mama wa maandazi pale kona hatuna maabara. Mwambie kaka yako anieleze hapo mtu anajichunga vipi.

Ndiyo maana tunadai sheria. Denmark mwaka 2003 waliweka kikomo, transi ya kiwandani isizidi gramu 2 kwenye kila gramu 100 za mafuta, na hakuna askari aliyeingia jikoni kwa mtu, viwanda ndivyo vilivyobadili mapishi na biskuti zao za kopo mpaka leo zinauzwa. Afrika Kusini wakaweka kikomo hichohicho 2011, halafu wakaenda kwenye chumvi, mkate ukapewa kiwango kuanzia 2016, sodiamu (ndiyo iliyomo ndani ya chumvi) miligramu 400 kwa gramu 100 za mkate, na 2019 wakakishusha mpaka 380. Chumvi ya mkate huisikii ulimini ila kwenye presha ipo, na mtu mzima anatakiwa asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha. Na sheria iandikwe vizuri, maana Marekani lebo iliruhusiwa kuandika sifuri kama transi iko chini ya nusu gramu kwa kipimo kimoja cha kula, basi kipimo kinafanywa kidogo, mtu anakula biskuti nane akidhani kala sifuri. Wao wenyewe 2015 wakaamua mafuta hayo yatoke kabisa, viwanda vikapewa mpaka 2018.

Hao wauza unga wa kusafisha mishipa nimewachoka. Mshipa sio bomba la sinki useme utamwaga kitu uchafu utoke, ule utando wa kolesto unaoziba uko ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa. Wanamwambia mtu aache vidonge, presha inapanda kimyakimya haiumi popote, mtu anasema "najisikia vizuri" mpaka siku ya kiharusi, na muuza unga siku hiyo hapokei simu. Nimepokea wagonjwa wa hivyo, wengine walikuwa wanaendesha bodaboda wiki moja kabla. Ukiona mtu anauza kitu kimoja kinachotibu presha, kisukari, kolesto na nguvu za kiume, toka hapo.

Mzee wako arudi kwa daktari wake leo au kesho, aseme ukweli kwamba vidonge aliacha na tangu lini, aende na ule unga pia. Ndoo soma upande wa viambato, sio upande wa picha, ukikuta maneno ya Kiingereza "partially hydrogenated", yaani haidrojeni iliishia njiani, usiirudie tena. Tumieni mafuta ya maji ya alizeti, kidogo, na maandazi yapungue. Akishatulia kwenye dawa apime tena baada ya wiki 8 mpaka 12, na hicho kipimo cha majuzi msikitupe, daktari atakihitaji kulinganisha.