Re: Vokali imefifia, nikipandisha treble "s" zinachoma

Mambo vipi mkuu. Kama nimekuelewa, vokali haina ile hewa ya juu, ukigusa ikwalaiza herufi s zinachoma, na deki ya kaseti yenye Dolby B (ule mfumo wa kupunguza mchakacho wa kaseti) unayo. Basi itumie hiyo, rekodi kopi ya vokali kwenye kaseti ukiwa umewasha Dolby, halafu icheze umeizima uirudishe kwenye kompyuta. Dolby B ikirekodi inapandisha sauti za juu pale zinapokuwa ndogo tu, hadi kama desibeli 10, zikiwa kubwa inaziacha, ndo maana pumzi zinakuja mbele ila s kali hazizidi. Studio za miaka ya 70 walifanya hivi na Dolby A, ile ya studio inayogawa sauti kwa bendi, wanazima bendi mbili za chini.

Anza na hedi, vile vichwa vinavyogusa utepe, zipanguse na spiriti, deki nyingi za mtumba hapa Kariakoo zina uchafu wa kahawia pale. Levo usiijaze, sindano ikikaa kwenye nyekundu Dolby haina cha kupandisha. Kopi itateleza maana spidi ya kaseti haitulii, kwa hiyo kata mstari mmoja mmoja upange kwa mkono, changanya kwa chini ya vokali yenyewe. Ikibaki imepishana kidogo mi naiacha kwenye kiitikio, inanoga sana.