Jibu: Ngozi ya mtoto kugeuka kijivu katika picha ya rangi za mafuta

Habari ndugu. Umeeleza kwamba unamchora binti yako akisukwa nywele na bibi yake, kwa kufuata picha ya simu, na kila unapoweka mwanga kwenye paji la uso ngozi inageuka kijivu kana kwamba imepauka.

Kwanza angalia kama picha hiyo ilipigwa kwa flashi, kwa sababu flashi hufuta vivuli na kuuacha uso bapa. Ikiwa ndivyo, wapige picha upya wakiwa barazani asubuhi. Kisha iangalie rangi yako nyeupe. Nyeupe ya titani (aina ya rangi nyeupe ya wachoraji) hupoza rangi inayochanganywa nayo, yaani huifanya ielekee ubuluu, na ikikutana na nyeusi hutoa kijivu chenye ubuluu, nacho nadhani ndicho unachokiona. Mimi nyeusi siitumii kabisa kwenye ngozi: giza nalipata kwa kuchanganya kahawia yenye wekundu na buluu ya ultramarini (buluu iliyokolea), na mwanga naupandisha kwa manjano ya udongo na rangi ya chungwa, nyeupe ikija mwisho, kidogo mno, pale tu ngozi inapong'aa. Chini ya kidevu usiweke kahawia tupu; khanga ya bibi, ikiwa nyekundu, huakisi wekundu wake hapo, na huo ndio utakaoonyesha kuwa mtoto kweli ameketi kati ya magoti ya bibi yake.