Wangila na sifa yake
Wapo wanaouliza kama bondia Mkenya Robert Wangila anastahili kuitwa gwiji. Ndiyo, anastahili, ingawa ni kweli kwamba hakuwahi kushika mkanda wa dunia katika ndondi za kulipwa. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, uzani wa welta, alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili na kutwaa dhahabu, na hadi leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyeleta dhahabu hiyo nyumbani. Boudouani huyo huyo baadaye alitwaa ubingwa wa dunia wa Chama cha Ndondi Duniani (WBA), jambo ambalo wabishi wa barazani hapa Mombasa hulisahau wanapodai kwamba Wangila alikutana na wanyonge. Alifariki mwaka 1994, akiwa na miaka 26 tu, kutokana na majeraha ya pigano la Las Vegas, kwa hiyo kumpima kwa idadi ya mikanda ni kumwonea.