Maswali na majibu: ule ukumbi wa kuskeiti wa White City, Chicago

Mara ya mwisho niligusia kidogo tu, kama aya moja hivi, kwamba hapa Chicago kulikuwa na paki ya michezo inaitwa White City na ndani yake kulikuwa na ukumbi wa kuskeiti ambao saivi hata tofali lake hulioni. Nikajua yameisha. Kumbe mmelishika hilo kuliko yote niliyoandika siku ile, na kuna swali limenifanya nipande basi nirudi mtaani kwenyewe nikaangalie tena. Nayajibu kama yalivyokuja.

Swali, msomaji wa Tanga: Kuskeiti unakosema ni kule kwenye barafu? Na hiyo White City ni nini haswa?

Barafu hapana. Ni viatu vya magurudumu manne, mawili mbele mawili nyuma, mnazunguka ndani ya jengo kwenye sakafu ya mbao.

White City ilifunguliwa Mei 26, 1905, upande wa kusini wa jiji, pale mtaa wa 63 unapokutana na barabara ambayo zamani iliitwa South Park na leo ni Martin Luther King Drive. Jina walilitoa kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya 1893 yaliyofanyika huku huku kusini mwa Chicago, majengo yake yalikuwa meupe na usiku yanawaka umeme, watu wakayaita mji mweupe. Basi wenye paki nao wakajenga mnara wakautundika taa kama 20,000, na hapo ni 1905, nyumba nyingi bado zinawasha gesi na mafuta ya taa, yaani mtoto anatoka kwao kwenye kibatari anakuja kukutana na mnara mzima unawaka. Kulikuwa na bembea, vigari vya kuteremka mteremkoni, kumbi za dansi, boti, kila kitu. Hata ile ndege ya puto ya Goodyear, Wingfoot Air Express, iliyoshika moto Julai 21, 1919 ikaangukia paa la benki katikati ya jiji wakafa watu 13, iliunganishwa White City.

Swali, msomaji wa Nakuru: Hao watu wa zamani walikuwa wanapindaje na viatu vya chuma? Mimi nimejaribu hivi vya kisasa nikaanguka mara nne.

Swali zuri sana hili, maana bila jibu lake kusingekuwa na ukumbi wowote. Viatu vya mwanzo kabisa vilikuwa vinaenda moja kwa moja tu, ukitaka kupinda uinue mguu uuzungushe, na wengi walikuwa wanaishia ukutani. Mwaka 1863 jamaa mmoja wa New York, James Plimpton, akasajili kiatu ambacho kati ya bamba la kukanyagia na ekseli ya magurudumu ameweka kipande cha mpira. Ukiegemeza mguu kushoto, mpira unabonyea upande huo, ekseli inageuka kidogo, unapinda kushoto. Hamna kingine. Shika kiatu cha magurudumu manne cha leo ukigeuze juu chini, bonyeza kwa kidole gumba, utauona mpira ule ule unabonyea (siku hizi ni plastiki laini lakini kazi ni moja). Miaka ya 1880 zikaja bearingi za gololi, kiatu kikawa chepesi, na Chicago ikawa moja ya miji ya kutengeneza viatu hivi, kuna kampuni ilianza 1905, mwaka ule ule paki ilipofunguliwa.

Kwa hiyo usikate tamaa, acha kupinda kwa nguvu, egemea tu. Na magurudumu ya enzi hizo yalikuwa ya mbao ngumu, sakafu nayo ni mbao ngumu, sasa fikiria watu mia wanazunguka kwa pamoja, ule mngurumo, ndo maana kinanda cha kumbi za kuskeiti lazima kiwe na sauti kubwa. Miaka ya 1930 Laurens Hammond wa hapa hapa Chicago akatoa kinanda chake cha umeme na kumbi nyingi za Marekani zikakinunua.

Swali, msomaji wa Mombasa: Kwa nini unaupenda ukumbi huu kuliko kumbi nyingine zote zilizobomolewa?

Kwa sababu ya mlangoni pake.

Paki yenyewe ilikufa mapema, ukaja mdororo wa uchumi, pesa ikakauka, miaka ya 1930 wakafunga na baadae wakabomoa. Ila ukumbi wa kuskeiti ukabaki peke yake unaingiza watu. Na mtaa ulikuwa unabadilika, familia za watu weusi waliotoka majimbo ya kusini zinasogea kutafuta nyumba, na wazungu wa maeneo hayo walikuwa wameandikishana mikataba ya kutowauzia nyumba. Kesi maarufu ya Hansberry, familia ya watu weusi iliyonunua nyumba kwenye eneo la mikataba hiyo, iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1940 ilikuwa ya nyumba ya mtaa wa Rhodes, ukitoka pale ukumbini unatembea kwa miguu dakika chache tu unafika. Kwa hiyo unaishi hapo, watoto wako wanasikia muziki unatoka ukumbini, na hawaruhusiwi kuingia.

Na sheria ilikuwepo! Illinois ilikuwa na sheria tangu 1885 inakataza kumzuia mtu sehemu za umma kwa rangi yake. Miaka hamsini na zaidi sheria ipo kwenye karatasi. Sasa mlangoni hawakuwa wanasema hatutaki weusi, walikuwa wanasema samahani, leo kuna klabu, wanaingia wenye kadi za uanachama tu.

Mwaka 1942 vijana wa Chicago, weusi na weupe pamoja, wakiwemo James Farmer na George Houser, wakaunda CORE, chama cha kupigania usawa wa rangi, walikuwa wamesoma mbinu za Gandhi za kupinga bila kupigana. Moja ya sehemu za kwanza walizozijaribu ni White City. Wakafanya kitu rahisi sana: weupe wakaenda dirishani, wakakata tiketi, wakaingia, hamna aliyewaomba kadi yoyote. Weusi wakafuata, wakaambiwa leo ni klabu. Mimi nikisoma hapo nasimama kila mara, maana ule uongo ulikuwa unafanya kazi kwa sababu kila aliyefukuzwa alikuwa anarudi nyumbani mwenyewe, hana wa kulinganisha nae, huenda hata anasema labda kweli leo kulikuwa na klabu. Walipoenda pamoja wakasimama foleni moja, uongo ukakosa pa kujificha.

Swali, huyo huyo wa Mombasa: Wakafunguliwa?

Si siku ile, wala mwaka ule. Kesi, vikao, kusubiri. Mwanzoni mwa 1946 wakaja na mabango, wakawa wanasimama nje kwenye baridi, na Chicago Januari naijua mimi, miguu unaacha kuisikia. Mwaka huo ukumbi ukakubali kila mtu aingie. Baadae ukabadilishwa jina ukaitwa Park City, ukaendelea mpaka 1958 ukafungwa.

Huyo Houser mumshike jina, maana anakuja mpaka kwetu. Mwaka 1953 alikuwa kati ya walioanzisha kamati ya Marekani ya kuunga mkono Afrika, akaiongoza kwa miaka mingi, na kamati hiyo ndo iliyomwalika Tom Mboya kuzunguka Marekani mwaka 1956 na tena 1959, ile ziara ya pili ndo ikazaa ndege ya kwanza ya kupeleka wanafunzi wa Kenya kusoma Marekani. Alijuana na Mwalimu Nyerere pia. Alifariki 2015 akiwa na miaka 99. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anahangaikia mlango wa kuskeiti Chicago, miaka kumi na kitu baadae anahangaikia uhuru wa Tanganyika na Kenya, na naamini kabisa kwake ilikuwa kazi ile ile.

Swali, msomaji wa Bujumbura: Lakini watu walikuwa hawana kazi, hawana nyumba. Kupigania kuskeiti si anasa?

Hapana, nakataa kabisa. Mtoto wa miaka tisa hajui mkataba wa nyumba wala mshahara, anajua mlango wa kucheza, na siku anayokatazwa hapo ndo siku anayoambiwa yeye ni nani. Na wenye kumbi walijua uzito wake, ndo maana walikomaa hivyo. Mwaka huo huo 1946, kule Cleveland kwenye paki ya Euclid Beach, CORE walienda kupinga hivyo hivyo, polisi wawili weusi wa jiji waliokuwa hawapo zamu wakaingilia walipoona walinzi wa paki wanawasukuma watu, mmoja wao akaishia na risasi mguuni. Mwaka uliofuata jiji likatunga sheria kwamba paki inayobagua haipewi leseni. Ni risasi hiyo, kwa ajili ya sehemu ya kucheza.

Swali, msomaji wa Dar: Ni kweli Michelle Obama aliishi hapo?

Kweli, akiwa mdogo sana. Eneo la White City likajengwa Parkway Gardens, nyumba za ushirika, watu weusi wenyewe ndo wenye hisa, zilijengwa kati ya 1950 na 1955, majengo 35, familia karibu 700. Michelle alizaliwa 1964 na wazazi wake walikuwa wanakaa hapo kwanza. Yaani pale watu walipokuwa wanaambiwa leo ni klabu, ndo alipotambaa mtoto ambaye baadae alikuja kuwa mke wa rais na mkwe wa Kogelo. Kwa miaka michache ukumbi na nyumba vilikuwa jirani, kwa hiyo waliohamia mwanzo waliweza kushuka ngazi wakaenda kuskeiti.

Swali, msomaji wa Arusha: Watu weusi wa Chicago bado wanaskeiti?

Sana! Wana staili yao, JB, herufi za James Brown, kwa sababu ilizaliwa kwenye nyimbo zake, miguu inacheza haraka huku mwili umetulia. Na mwaka 1963 kijana wa Chicago, Ledger Smith, alienda kwenye maandamano ya Washington ya kudai haki za watu weusi kwa viatu vya magurudumu, siku kumi, karibu maili 700, kifuani amevaa kitambaa kimeandikwa uhuru.

Swali, yule yule wa Arusha: Nikija nitaona nini?

Panda treni ya Green Line, shuka King Drive. Ukishuka ngazi uko mtaa wa 63, geuka uangalie kusini. Nilienda Jumamosi, hamna kibao nilichokiona cha ukumbi, kuna majengo ya matofali na miti. Wasichana wawili walikuwa wanapita kwenye njia ya watembea kwa miguu, mmoja amevaa viatu vya magurudumu, mwenzake kamshika mkono anamvuta, wanahama upande kila zege lilipopasuka.