Bolti za toki konveta: usichukue yoyote inayoingia

Je, bolti yoyote inayoingia inafaa kufungia toki konveta (kifaa cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi ya otomatiki) kwenye flaiwili, sahani inayozunguka nyuma ya injini? Hapana, bolti kuingia kwenye uzi haitoshi. Tazama urefu kwanza. Ikizidi kidogo tu itagonga bati la mbele la konveta na kulibonyeza kwa ndani, pale hasa klachi ya lokapu (inayofunga konveta izunguke pamoja na injini) inapokamatia. Na hutaona kitu mpaka gari liko barabarani. Fupi mno nayo hung'oa uzi. Tafuta za aina ya gari lako, ngumu za kiwandani, si za debe la gereji. Baadhi ya Toyota zina bolti sita, moja ya rangi tofauti: hiyo hutangulia kufungwa.

Kabla ya kufunga, hakikisha konveta imezama kabisa kwenye pampu ya giaboksi. Giaboksi ikishakaa sawa na injini, konveta izunguke kwa mkono na ibaki nafasi ya kama milimita 3 hadi 5 kabla ya kugusa flaiwili. Haizunguki? Shusha giaboksi. Ukiivuta kwa bolti utavunja pampu, na hiyo ni bei ya giaboksi nyingine.

Anza zote kwa vidole, tone la gundi ya uzi, kisha kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha manyuo, yaani kitabu cha ufundi cha gari lako.